Sanduku la ordinatere: kupoa ao kunyamaza?



Kuna ulizo moja lenye kurudi kila mara watu wanapozungumza juu ya ordinatere, ao kompyuta gisi wengine wanavyosema: sababu gani mashini moja inavuma kama kinu cha kusaga unga, na nyingine iko kimya, hata kama zote mbili zinafanya kazi ile ile? Wengi wanajibu pale pale: «Ni bei.» Lakini mara nyingi jibu liko katika sanduku, ni kusema ile nyumba ya chuma yenye kufunika vyombo vya ndani. Mutu anayenunua ordinatere ya meza anauliza juu ya nguvu yake na anasahau sanduku. Basi leo tuliangalie sanduku lenyewe.

1. Joto linatoka wapi?

Karibu umeme wote wenye kuingia katika mashini unageuka kuwa joto. Mashini yenye kula wati 300 inapasha chumba sawa na taa tano za zamani za wati 60. Joto hilo lazima litoke inje, na mwenye kulibeba ni hewa.

Tufanye hesabu gisi tunavyofanya katika somo la fizika. Ili litre moja ya hewa ipande degre 1, inaomba karibu jule 1,2. Tukikubali hewa ipande degre 10 tu, kila litre itabeba jule 12. Tukigawanya 300 kwa 12, tunapata litre 25 kila sekunde. Hiyo ni hesabu ya pahali karibu na bahari. Katika mji kama Bukavu, wenye kuwa karibu metre 1.500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, basi zitahitajika karibu litre 29. Kumbe sanduku ni njia ya upepo kwanza, uzuri unakuja nyuma.

2. Na kelele?

Kelele kubwa inatoka kwa ventilatere, yale mabawa madogo yenye kuzunguka na kusukuma hewa. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Ukipunguza mbio za ventilatere kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu. Lakini kelele inashuka karibu desibeli 15, na masikio yetu yanasikia kushuka kwa desibeli 10 kama kelele imepungua nusu. Ni kusema tunapoteza hewa kidogo, tunapata kimya kingi.

Ndiyo sababu ventilatere kubwa yenye kwenda polepole inashinda ndogo yenye kukimbia. Ile ya milimetre 140 iko na eneo mara tatu ya ile ya milimetre 80, basi haina lazima ya kukimbia sana. Tusisahau vile vile hesabu ya darasa: mashini kumi za namna moja katika chumba kimoja zinaongeza desibeli 10 juu ya kelele ya moja. Mwalimu atalazimika kupaza sauti, na wenye kukaa nyuma hawatasikia somo.

3. Masanduku mawili ndugu

Tutwae mufano wa kweli. Kampuni Fractal Design ya Sweden ilitoa sanduku Define C katika mwaka 2016. Uso wake wa mbele umefungwa, ndani umebandikwa sponji ya kumeza sauti, na hewa inaingia kwa nafasi nyembamba tu. Katika mwaka 2017 kampuni ile ile ikatoa Meshify C. Mifupa ya masanduku hayo mawili inafanana sana, lakini uso wa Meshify ni wavu, hewa inaingia bila kizuizi kikubwa.

Ukitia vyombo sawasawa ndani ya yote mawili, na ventilatere zikaenda mbio moja, lenye kufungwa litakuwa kimya zaidi kidogo, na la wavu litapoa zaidi. Wa kwanza atasema: «Langu linanyamaza!» Wa pili atasema: «Langu linapoa!» Wanaweza kubishana mupaka jioni.

4. Mizani ya haki

Wanabishana kwa sababu kila mumoja anapima kitu chake. Mukristo anajua kama mizani isiyo sawa ni wizi, na katika sayansi ni vile vile. Kipimo cha haki kinaomba mambo haya: vyombo sawa, kazi sawa, na chumba kimoja. Tena tusiandike joto la ndani peke yake, tuandike tofauti kati ya joto la ndani na la chumba, maana mchana na asubuhi si sawa.

Kisha inafika hatua ambayo wengi wanaruka: turekebishe ventilatere mupaka masanduku yote mawili yatoe kelele sawa, tukipima kwa umbali mumoja. Hapo tu ndipo tusome joto. Kwa mizani hiyo, katika kazi nzito, mara nyingi lile la wavu linashinda, kwa sababu ventilatere zake zinapata hewa bila kukimbia. Sponji inameza sauti nyembamba zenye kulia kama mbu, lakini mvumo munene inauacha upite. Na kufunga uso wa mashini yenye kazi nzito ni kama kumuziba mutu kinywa kisha kumwambia akimbie. Lakini kwa mashini ya kuandika barua tu, joto ni kidogo, ventilatere ziko polepole tayari, na lile la kufungwa linafaa kabisa.

5. Mtihani usio na bei

Mashini ikipata moto, wengi wanaondoa ubao wa kando na kuuacha wazi siku zote. Tusifanye hivyo, kwa sababu vumbi linaingia pahali pote na kelele inatoka yote. Lakini ubao huo unaweza kutufundisha. Acha mashini ifanye kazi moja kwa dakika 30, andika joto ambalo programu inaonyesha. Ondoa ubao, ngoja dakika 30 tena. Joto likishuka sana, ujue sanduku linakosa pumzi. Likishuka kidogo tu, upepo unapita vizuri, basi tafuta shida pahali pengine.

Mbele ya kununua sanduku lingine, angalia chujio. Vumbi likilijaza, hata wavu unakuwa ukuta. Zima mashini, ondoa chujio, ulisafishe, likauke kabisa, ndipo ulirudishe. Urudishe vile vile ubao wa kando.

Basi, wapenzi, mutu akiwauliza sanduku gani ni bora, musijibu mbio. Mumuulize kwanza: kwa kazi gani, na kwa kelele gani? Asiyeweza kujibu hayo mawili hajawa tayari kutoa feza yake.