Printa ya Rangi: ya Zamani au Mpya?



Matawi yanatuuliza: ofisi inunue printa ya leza ya rangi ya zamani au mpya? Fedha yenyewe ni ada zenu, kwa hiyo tunaeleza.

Zote hutumia wino wa unga wa rangi nne: manjano, waridi, buluu na nyeusi. Nyingi za zamani zilipaka rangi moja moja, mizunguko minne kwa ukurasa mmoja. HP Color LaserJet ya 1994 ilitoa kurasa 10 nyeusi kwa dakika, lakini za rangi 2 tu. Karatasi 200 za mkutano zilichukua saa 1 na dakika 40! Mpya nyingi zina ngoma nne zilizopangwa mstari. Karatasi hupita mara moja tu, na rangi hutoka upesi kama nyeusi.

Lakini mpya nazo zina mtego. Baadhi hukataa vikasha vya wino visivyo vya kampuni yake, na kikasha kinachokuja na mashine mara nyingi hakikujazwa. Ya zamani huuzwa rahisi, ila vipuri huadimika.

Basi kabla ya kulipa, ulizeni bei ya kila kikasha na kinachapa kurasa ngapi. Gawanyeni bei kwa kurasa hizo, kisha jumlisheni vyote vinne. Hapo mtaijua gharama ya kweli ya ukurasa mmoja wa rangi.

Matangazo ya kawaida yachapwe kwa nyeusi. Na mweka hazina asinunue peke yake. Kamati ikae kwanza.