Mombasa au Unguja: Maskani ya Uzeeni kwa Aliyeishi Uingereza

Siku moja ya baridi kali mjini London walinijia mume na mke, watu wazima waliokuwa wamebakisha miezi michache tu kutimiza miaka 66, ambao wakati huo ndio uliokuwa umri wa kupokea pensheni ya Serikali nchini Uingereza, wakaketi mbele ya meza yangu na kuniwekea bahasha kubwa iliyojaa hati za miaka thelathini na mitano ya ugenini. Mume ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Mke ni mzaliwa wa Malindi ya Unguja. Nao, baada ya kulea na kuozesha, walikuwa wameafikiana kurudi pwani, ila hawakuafikiana pwani ipi. "Baba watoto ataka kwao," alisema yule bibi, "nami nataka kwetu. Tuamue wewe, Bwana."

Aghalabu wanaokuja kwangu kwa shauri la namna hii huanza mazungumzo kwa upepo, ufuo na bei ya samaki, na mimi huwasikiliza kwa adabu, lakini huwaomba watoe pasi zao kwanza. Kwa maana bahari ya Mombasa na ya Unguja ni moja, kusi na kaskazi huvuma huku na huko, ilhali sheria zinazomhusu mtu mzima anayerejea baada ya kuchukua uraia wa Uingereza zimeachana mbali sana. Mume akatoa kipande chake cha zamani cha Kenya, akakiweka mezani kwa uhakika wa mtu asiyeona shaka. Mke akafungua leso ndogo, akatoa pasi ya Tanzania iliyokwisha muda wake zamani, jalada limechujuka, na ndani yake picha ya msichana aliyejitanda buibui. Ilinipasa kuwaambia wote wawili kwamba, kwa hati zile, kila mmoja wao alikuwa mgeni kwao.

Hapo ndipo tofauti ilipodhihiri. Kabla ya mwaka 2010 Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza ule wa kwao, na kipande kilichobaki mfukoni hakikumrudishia kitu; lakini Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa aliye Mkenya wa kuzaliwa, na yule aliyekuwa ameupoteza ikampa haki ya kuomba arudishiwe. Katiba hiyo hiyo imempa aliyeoana na raia kwa muda usiopungua miaka saba haki ya kuomba aandikishwe kuwa raia. Kwa hiyo mume angeweza kurudi nyumbani akiwa mwananchi kamili, awezaye kumiliki ardhi bila ya kikomo cha miaka, na mke angeweza kumfuata kwa mlango wa ndoa. Mwenye uraia wa nchi mbili hutakiwa kuutangaza kwa Serikali ndani ya miezi mitatu tangu kuupata ule wa pili, na kughafilika katika hilo ni kosa la kisheria, ingawa wengi hudhani ni utaratibu mdogo wa ofisini.

Tanzania haikufuata njia hiyo. Sheria yake ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na mzaliwa wa Unguja aliyeapa kiapo cha Uingereza kwa hiari yake amekwisha kuwa mgeni mbele ya afisa wa uhamiaji, hata kama kaburi la baba yake liko umbali wa mwendo wa dakika kumi kutoka bandarini. Sheria za karibuni zimeleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, na huo ni mlango mwema ambao nafurahi kuuona umefunguliwa, lakini hadhi si uraia. Kwa mgeni asiye na asili, Zanzibar huuza nyumba katika miradi iliyokubaliwa na Serikali, na anayenunua kwa dola za Marekani 100,000 au zaidi hupata kibali cha ukaazi pamoja na mwenzi wake na watoto. Kenya nayo hutoa kibali kwa mtu aliyefika miaka 35 na mwenye pato la hakika kutoka nje lisilopungua dola 24,000 kwa mwaka, kwa sharti kwamba asifanye kazi.

Kiasi hicho cha dola 24,000 nawaomba wasomaji wakitazame vizuri. Pensheni kamili ya Serikali ya Uingereza, ambayo mtu huipata kwa michango ya miaka 35, ilikuwa pauni 230.25 kwa juma katika mwaka wa malipo ulioanza Aprili 2025, yaani haikufika pauni 12,000 kwa mwaka; na ukizigeuza pauni hizo kuwa dola utaona ziko mbali na kiasi kinachotakiwa. Asiye na pensheni ya pili ya kazini, au kodi ya nyumba, au akiba, hawezi kuingia Kenya kwa mlango huo.

Liko na jambo zito zaidi, ambalo ni sawa katika nchi zote mbili, na watu wengi hulijua baada ya kuhama. Kila mwaka Uingereza huongeza pensheni hiyo kwa kadiri ya kupanda kwa bei, au ya mishahara, au kwa asilimia 2.5, ikichukuliwa iliyo kubwa kuliko zote; lakini anayekwenda kuishi katika nchi isiyo na mapatano na Uingereza juu ya jambo hilo hubaki na kiasi kile kile alichokwenda nacho. Kenya haimo katika mapatano hayo, wala Tanzania, hali Mauritius, iliyo katika Bahari hii hii ya Hindi, imo. Nilichukua kalamu nikawapigia hesabu: kwa nyongeza ya asilimia 2.5 tu, pauni 230 za wakati huo zingekuwa pauni 377 baada ya miaka ishirini, lakini mstaafu wa Mombasa au wa Unguja angali akipokea zile zile 230. Naiona hii kuwa dhuluma kwa mtu aliyetoa michango sawasawa na jirani yake aliyebaki London, na nimeisema kila nilipopewa nafasi. Hata hivyo wajibu wangu mbele ya mteja ni kumpigia hesabu ya dunia ilivyo.

Kisha nikawauliza juu ya maradhi, wakatazamana. Mume ana kisukari na hujidunga insulini, dawa itakayo ubaridi. Hospitali za Serikali ya Uingereza humtibu bure mkaazi wa huko, na anayehama moja kwa moja huiacha haki hiyo nyuma yake, hata akiwa na pasi ya nchi. Basi ni lazima achague nchi akimfikiria yule mzee wa miaka themanini atakayekuwa, wala si huyu wa leo anayepanda ngazi bila ya kushika ukuta. Mombasa ina hospitali kuu ya rufaa ya Serikali na hospitali kubwa za watu binafsi, na tangu mwaka 2017 reli mpya humfikisha mgonjwa Nairobi kwa muda wa kama saa tano. Unguja ina Mnazi Mmoja, lakini mwenye ugonjwa mzito wa moyo aghalabu huvushwa kwenda Dar es Salaam, iliko taasisi ya moyo iliyofunguliwa mwaka 2015, na saa mbili za boti wakati wa kusi si safari ya kumtakia mtu aliyeshikwa na kifua.

Unguja nayo ina fadhila yake kubwa: malaria imeshushwa mno, hata wenye vimelea hawafiki mmoja katika kila watu mia, na hili si dogo kwa mtu ambaye kinga aliyokulia nayo imekwisha kwa miaka mingi ya baridi. Nilimwambia mume jambo hili waziwazi, kwa sababu alikuwa akidhani kwamba mtoto wa Mombasa haogopi mbu wa Mombasa.

Ama insulini, hiyo ilitupeleka kwenye umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, na wa zamani ulipoharibika kisiwa kilikaa gizani kama miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hata Machi 2010. Waya mpya, wenye nguvu zaidi, ulikuja mwaka 2013. Bibi aliyakumbuka mambo hayo vema, maana dada yake alikuwa akimpigia simu na kumweleza jinsi walivyokuwa wakipanga foleni kwa ajili ya maji, pampu zikiwa zimenyamaza. Mombasa umeme wake ni wa gridi ya nchi, lakini maji ya mfereji hukatika siku kadhaa, na mkokoteni wenye mitungi ya lita ishirini haujaondoka mitaani. Anayepanga nyumba huko na aulize habari za tangi na kisima kabla ya kuuliza habari za kodi.

Shauri nililowapa lilikuwa hili: wasiiuze nyumba ya London, waipangishe, mume aombe uraia wake mara moja, na wapange nyumba ya chini Mombasa kwa mwaka mzima, karibu na msikiti na hospitali, wapitiwe na masika na kusi na joto la kaskazi kabla ya kununua kitu. Mume aliridhika. Mke aliizungusha ile pasi kuukuu mikononi, akaniuliza kama itambidi kwenda kwao kwa viza. Nikamwambia kwamba kwa pasi ya Uingereza itambidi, lakini akiisha kuandikishwa Kenya ataweza kuvuka kwenda Unguja bila ya viza, kama Mkenya yeyote. Akaikunja katika leso, akaifunga fundo.

"Na nikifika," akauliza, "nitaruhusiwa kukaa siku ngapi?"