Vizibo vya Masikio kwa Mpenzi wa Mugithi: Kipi Kinafaa Pesa Yako?

Mkazi wa mtaa wa Landless, Thika, hana haja ya kufunga safari hadi Nairobi kutafuta muziki wa jukwaani. Wikendi ikifika, baa za Thika na Ruiru huwa na mpiga gitaa wa mugithi na spika zinazotikisa glasi mezani. Anayepanga matumizi ya usiku huo huhesabu vinywaji, nyama choma na bodaboda ya kurudi nyumbani. Masikio hayamo kwenye bajeti.

Wataalamu wa usalama kazini huhesabu hivi: sauti ya desibeli 85 sikio huivumilia kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Huna kipimo? Ukilazimika kumpaazia sauti mtu aliye umbali wa mkono mmoja, jua umeshafika pabaya. Chembechembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Pamba na karatasi ya shashi. Ni bei rahisi, lakini kinga yake ni ndogo mno. Usijidanganye nazo.

Vizibo vya sponji. Hupatikana kwenye maduka ya dawa na hadwea, na kwa kawaida jozi haifikii bei ya bia moja. Pakiti nyingi huandikwa kinga ya desibeli 29 hadi 33, ila asiyejua kuvivaa huambulia kama nusu. Osha mikono, kisokote kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika kikifutuka. Sauti yako mwenyewe ikianza kuvuma kichwani, kimekaa. Kasoro yake ni kwamba hukata zaidi sauti nyembamba: besi inabaki, maneno ya mwimbaji yanafifia.

Vizibo vya silikoni vyenye ngazi. Ni ghali kidogo kuliko sponji, lakini huoshwa kwa sabuni na kutumika tena. Vinawafaa wasiopenda kusokota sponji gizani. Wengine hulalamika kuwa vinabana.

Vizibo vya muziki vyenye chujio. Hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo gitaa linasikika vizuri, ila kwa sauti ya chini. Vya kampuni zinazojulikana, kama Loop, Alpine na Etymotic, bei yake huhesabiwa kwa maelfu, na mara nyingi huagizwa mtandaoni. Soma kiwango cha kinga kabla ya kulipa. Kizibo kisichoonyesha kiwango hicho, kiache.

Vifunika masikio vya mjengo. Kinga yake ni nzuri, lakini ukumbini vinaleta joto na kuvutia macho. Vya watoto, hata hivyo, ndivyo vinavyofaa mtoto anayepelekwa kwenye tamasha au harusi yenye spika kubwa, kwani vizibo vidogo vinaweza kumkaba.

Tupige hesabu. Anayetoka kila Jumamosi na kununua jozi ya sponji ya Sh50 hutumia Sh2,600 kwa mwaka. Akipata vya chujio kwa Sh3,000 na kuvitunza miaka miwili, ametumia Sh1,500 kwa mwaka. Anayetoka mara moja kwa miezi miwili hutumia Sh300 za sponji. Huyo hana sababu ya kununua vya chujio. Kifaa cha kusaidia kusikia, kwa upande wake, hugharimu makumi ya maelfu, na bado hakirudishi usikivu wa zamani.

Usitegemee sheria pekee. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinamlinda zaidi jirani anayetaka kulala. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba sauti ukumbini isizidi wastani wa desibeli 100, na wateja wapatiwe vizibo na sehemu tulivu ya kupumzikia. Mwulize mwenye baa yako kama anavyo.

Uamuzi wetu: anayetoka mara chache anunue sponji na ajifunze kuzivaa. Anayetoka kila wiki, mwanamuziki, DJ na mhudumu wa baa wanunue vya chujio. Wote wakae mbali na spika na watoke nje mara kwa mara. Hilo halina bei. Na masikio yakiendelea kuvuma siku ya pili baada ya shoo, nenda ukapimwe.