Gari la kuvuta trela: Tazama uzito kabla ya injini

ANAYETAFUTA gari la bei nafuu la kwenda kazini na la kuvuta trela hana budi kutazama uzito kabla ya nguvu za injini.

Maji lita 1,000 yana uzito wa kilo 1,000, bila kuhesabu tangi wala trela. Uzito huo unakaribia ule wa Toyota Vitz. Gari dogo laweza kuuvuta mzigo huo kwenye tambarare, lakini kwenye mteremko wa Mai Mahiu trela lisilo na breki hulisukuma kutoka nyuma, na breki za gari zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu.

Kwa hivyo, mnunuzi asome kwanza kitabu cha mwongozo cha mtengenezaji. Iwapo hakitaji uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta, asithubutu kulifungia ndoano. Heri atafute pikapu iliyoundwa kwa kazi hiyo.