Sera Njema Hupimwa Jikoni

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara nchini Uganda, yalianza yapata mwaka 1960. Watu wa Rwanda, Kongo, Burundi na Somalia wamepikia huko juu ya mafiga, na kuni zimezidi kuwa mbali na milango yao.

Wataalamu wa mashirika ya hiari hunena juu ya nishati safi na mabadiliko ya tabianchi. Ni maneno mema. Lakini mama achemshaye maharagwe huuliza kama kuni zitatosha.

Jibu mojawapo ni jiko la Lorena, lililobuniwa Guatemala katika miaka ya 1970. Udongo wa mfinyanzi hukandwa pamoja na mchanga. Moto mmoja huivisha vyungu viwili, na dohani hutoa moshi nje. Liachwe likauke barabara kabla ya kuwashwa. Maharagwe nayo yalowekwe usiku kucha, yaive upesi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, jiko la udongo hupasuka. Mtaalamu aliyelijenga akaenda zake ameacha udongo. Aliyemfundisha mama kulikandika upya ameacha ujuzi. Basi mashirika yahesabu majiko yanayowaka, si yaliyojengwa tu.