Kushukuru msimu wa dhiki husaidia mwili na roho

MWEZI wa Desemba si wa furaha kwa kila mtu. Wapo walioachishwa kazi mwaka huu, wapo wanaomwuguza mzazi nyumbani, na wapo ambao hii ni Krismasi yao ya kwanza tangu wafiwe. Nauli ya kwenda mashambani hupanda, nayo karo ya Januari inangoja. Ukimwambia mtu wa aina hii, "Mshukuru Mungu," huenda akaona unamdhihaki.

Hata hivyo, ningependa tuzungumze juu ya shukrani, kwa sababu inahusu afya yako.

Mtu akiwa na wasiwasi kwa muda mrefu, mwili hutoa kwa wingi homoni kama vile adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, usingizi hupotea na tumbo husumbua. Baadhi ya wagonjwa wanaokuja kliniki wakilalamika kuumwa na kichwa hawana malaria wala homa ya matumbo. Wana mzigo moyoni.

Mnamo 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Wanafunzi walioandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo ya kushukuru waliridhika zaidi na maisha na kulalamikia maradhi machache kuliko walioandika kero zao. Watafiti hao pia waliwachunguza watu wenye maradhi ya neva na misuli, ambao si rahisi kupona. Walioandika shukrani kila siku kwa siku 21 walilala vizuri zaidi. Ugonjwa haukuondoka, lakini waliweza kupumzika.

Hapo ndipo penye siri. Kushukuru si kujifanya huna shida. Hata Zaburi katika Biblia huchanganya kilio na shukrani katika sala moja. Unaweza kumlilia uliyempoteza na bado ukamshukuru Mungu kwa miaka mliyoishi pamoja.

Utaanzaje? Kwanza, taja jambo lenyewe. Badala ya kusema tu "asante kwa yote", mshukuru Mungu kwa jirani aliyekaa na watoto wako ulipolazwa, au kwa waliochangia bili ya hospitali.

Pili, mwambie mhusika mwenyewe. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Usimsahau anayemtunza mgonjwa nyumbani. Yeye hupika, hufua na kukesha, na mara nyingi hakuna anayemwambia asante. Wazee walisema fadhila ya punda ni mateke. Tusiwe punda kwa wanaotutunza. Mshukuru, kisha umshikie zamu saa chache apate kulala.

Tatu, usikope pesa ili kutoa shukrani. Zawadi ya mkopo hugeuka maumivu ya kichwa ifikapo Januari. Barua au ziara fupi haina deni.

Nne, usimlazimishe aliyefiwa kushukuru. Keti naye, msikilize, mpelekee chakula. Shukrani itakuja kwa wakati wake.

Lakini nawatahadharisha: shukrani haichukui nafasi ya matibabu. Ikiwa unatumia dawa za presha au kisukari, endelea kuzimeza kama ulivyoagizwa, na ukisafiri beba za kutosha hadi utakaporudi. Ikiwa huzuni imezidi wiki mbili, huli, hulali wala huoni raha ya chochote, mwone daktari. Hiyo si dalili kwamba imani yako ni haba. Unyogovu ni ugonjwa, nao hutibika. Na ukianza kufikiria kujiua, usingoje sikukuu zipite. Mwambie mtu unayemwamini sasa hivi na uende hospitali iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia hutoa ushauri nasaha bila malipo kwa nambari 1199.

Leo jioni kabla ya kulala, andika majina ya watu watatu waliokushika mkono mwaka huu. Yataje mbele za Mungu ukisali. Kesho asubuhi, mpigie simu mmoja wao.