Usuluhishi wa migogoro ya kaboni kati ya viwanda na wauzaji

Usuluhishi wa migogoro ya kaboni kati ya viwanda na wauzaji ni taratibu ambazo wenye viwanda na wauzaji wa rejareja hutumia kukubaliana nani apunguze gesijoto, kwa kiasi gani na kwa gharama ya nani. Gesi hizo, hasa dioksidi kabonia, husababisha mabadiliko ya tabianchi. Suala hili linagusa pia mkoa wa Mara nchini Tanzania, ambako pamba ya Bunda na Butiama na samaki wa Musoma hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mlaji.

Chanzo cha migogoro

Mara nyingi anayelipa si yule anayefaidika. Kiwanda hununua mashine mpya, lakini duka ndilo linalopata wateja wanaopenda bidhaa yenye kaboni kidogo.

Kwa mfano, kiwanda kikitumia shilingi milioni 60 kubadili mitambo, kinaweza kuokoa milioni 30 za nishati, huku duka likipata faida ya ziada ya milioni 40. Kwa pamoja wanapata milioni 70, yaani zaidi ya gharama. Hata hivyo, kiwanda kikilipa peke yake kinapata hasara ya milioni 30, hivyo kitakataa. Duka likichangia milioni 35, kila upande unabaki na faida ya milioni 5.

Chanzo kingine ni hesabu. Kanuni za kimataifa hugawa gesijoto za kampuni katika ngazi 3: zinazotoka katika shughuli zake yenyewe, zinazotokana na umeme inaonunua, na zinazotoka kwingineko katika mnyororo wa thamani. Moshi wa kiwanda ni ngazi ya kwanza kwa kiwanda, lakini kwa duka ni ngazi ya tatu.

Hali katika mkoa wa Mara

Wakulima huuza pamba mbegu kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), kisha viwanda huichambua. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje, kwa hiyo masharti huwekwa na wanunuzi walio mbali.

Kwa samaki, mvutano uko kwenye usafiri. Minofu mibichi ya sangara husafirishwa kwa ndege, ambayo hutoa kaboni nyingi kuliko meli. Minofu iliyogandishwa inaweza kwenda kwa meli, lakini kwa kawaida bei yake ni ndogo. Muuzaji akitaka kaboni ipungue, swali ni nani atakayebeba tofauti hiyo ya bei.

Uzito wa masharti ya wanunuzi ulionekana mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Hasara iliwafikia wenye viwanda na wavuvi pia.

Njia za usuluhishi

* Kipimo kimoja: pande zote hukubali njia ya kupima na mkaguzi asiye na upande.
* Kuchangia gharama: duka hulipa sehemu ya mtambo, au huongeza bei ya kununulia.
* Mkataba wa muda mrefu: kiwanda huhakikishiwa soko hadi kirudishe fedha zake.
* Msuluhishi: mkataba hutaja mapema atakayeamua. Tanzania ina Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020.

Makubaliano hayo yana mipaka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na pia inakataza kumpotosha mlaji, kwa mfano kwa kudai usafi wa bidhaa usiokuwepo.

Changamoto

Mkulima na mvuvi kwa kawaida hawamo katika mazungumzo. Kiwanda kinaweza kukubali masharti ya duka, kisha kufidia gharama kwa kushusha bei ya pamba au samaki. Mgogoro huo huwa umehamishwa tu, haujamalizika. Kwa sababu hiyo, ushiriki wa vyama vya ushirika na vikundi vya wavuvi ni muhimu tangu mwanzo.

Tazama pia

* Mabadiliko ya tabianchi
* Mkoa wa Mara
* Ziwa Viktoria